Mipigo Isiyohesabiwa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Vigunduzi viwili vya gerimani vimeshushwa leo kwenye chumba cha chini, na mchana tumevijaza nitrojeni ya kimiminika. Fundi mkuu wa karakana ya elektroniki, mzee wa Kijerumani anayekaribia kustaafu, alivaa glavu nene na miwani akashika bomba mwenyewe. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na gerimani haina budi kukaa karibu na baridi hiyo. Chumba kikiwa na joto la kawaida, joto lenyewe linatosha kuzing'oa elektroni ndani ya fuwele zikatiririka mfululizo, na mwale wa gama ukiingia hauonekani tena. Kwa hiyo tunasubiri. Umeme mkubwa, volti elfu tatu na zaidi, hauwashwi mpaka fuwele ipoe kabisa, na hilo ni kesho.

Katika kusubiri nimerudia hesabu ninayoipenda. Kobalti-60 ikioza hutoa miale miwili ya gama, mmoja nyuma ya mwenzake: wa kiloelektronivolti 1173, kisha wa 1332. Ndani ya gerimani, kila elektroni inayong'olewa hugharimu karibu elektronivolti 3. Mwale wa 1332 ukiacha nishati yake yote ndani ya fuwele, unang'oa elektroni kama laki nne na nusu. Basi. Kiini cha atomi kimebadili hali yake, mwale umetoka, na ushahidi wote uliobaki ni elektroni laki nne na nusu zinazotembea kwa nanosekunde mia chache. Hakuna wa kurudi kumuuliza. Kiini chenyewe sasa ni nikeli iliyotulia.

Wanafunzi wengi hapa wanaikimbilia nadharia, na kazi ya waya wanaiona ni ya mafundi. Mimi naona kinyume. Kila tunachodai kukijua kuhusu kiini kimepita kwanza kwenye waya hizi, na kile ambacho waya haukukishika, hata mwananadharia mwenye akili kuliko wote hawezi kukirudisha.

Jumatano, 5 Februari

Umeme mkubwa tuliupandisha jana taratibu, tukitazama mkondo unaovuja, na haukutikisika. Leo ilikuwa zamu ya amplifaya.

Amplifaya ya kwanza, ile tunayoiita priampu, imefungwa ndani ya kigunduzi chenyewe, ubavuni mwa fuwele, na transista yake ya mwanzo nayo inapozwa. Sababu ni mbili. Joto huzaa kelele ndani ya transista, na kebo yoyote inayotangulia priampu ingeimeza chaji yetu ndogo kabla haijapimwa. Kinachotoka kwenye priampu ni ngazi: umeme unapanda ghafla, halafu unashuka polepole kwa mikrosekunde makumi. Mwale mwingine ukiingia kabla ngazi haijashuka, ngazi ya pili inajengwa juu ya mkia wa kwanza. Kazi ya amplifaya inayofuata ni kuigeuza kila ngazi kuwa kilima kifupi cha mviringo chenye upana wa mikrosekunde kadhaa, ambacho kimo chake ndicho nishati.

Nimekaa asubuhi nzima mbele ya osiloskopu na bisibisi ndogo ya saa. Mbele ya amplifaya kuna skrubu moja iliyozama ndani ya tundu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kilima kikishuka kinatua kwenye mstari wa sifuri na kubaki hapo. Ukiikaza kupita kiasi, mpigo unapita chini ya mstari na kukaa huko kidogo kabla ya kurudi. Mpigo unaofuata unaanzia chini, na kimo chake kinasomeka pungufu. Ukiilegeza kupita kiasi, mpigo unachelewa kutua, na unaofuata unasomeka mkubwa kuliko ulivyo. Kwenye kipimo cha kawaida cha skrini huoni lolote, vilima vyote vinapendeza. Inabidi ukuze mpaka kilele kitoke nje ya skrini kabisa ubaki na mguu wa kilima peke yake, ndipo uone mstari unavyozama au unavyoning'inia. Unageuza skrubu kwa upana wa ukucha. Unasubiri. Unageuza tena kwa nusu ya hapo.

Fundi mkuu alipita akasimama nyuma yangu. "Kilele kinaangaliwa na kila mtu," akasema. "Wewe angalia mguu."

Jioni mstari wa 1332 ulikuwa na upana wa kiloelektronivolti 2.0 kwenye nusu ya kimo chake. Hicho ndicho kipimo cha ubora wa kigunduzi cha aina hii: uwezo wa kutenganisha miale miwili iliyopishana kwa sehemu chache katika elfu.

Nimefurahi pia kuzigusa moduli za zamani. Kabati lina mtindo wa NIM, uliokubaliwa Marekani mwaka 1964: kreti yenye nafasi 12, volti zilezile nyuma, vipimo vilevile vya moduli. "Ndiyo" ya mantiki ndani ya NIM ni mkondo wa miliampea 16, ambao kwenye omu 50 unakuwa volti 0.8 chini ya sifuri. Kwa makubaliano hayo, moduli iliyotengenezwa kabla sijazaliwa inazungumza na iliyonunuliwa juzi. Na ukitaka kuchelewesha alama, hutafuti chombo cha ajabu: unaongeza kebo. Kila mita moja ni nanosekunde 5. Ukutani kwetu kumetundikwa mizingo ya kebo, kila mmoja na karatasi ya nanosekunde zake.

Ijumaa, 7 Februari

Mstari uliokuwa 2.0 umeamka 2.9. Hakuna aliyegusa amplifaya.

Nieleze tulivyoitafuta, maana huu ndio ujuzi ambao hauandikwi kwenye makala za sayansi. Kwenye osiloskopu, mstari wa sifuri ulikuwa umenenepa na una mawimbi yanayokimbia. Swali la kwanza: mawimbi haya yanatoka wapi, kwenye kigunduzi au kwenye umeme wa ukutani? Osiloskopu ina chaguo la kuianzisha picha kwa kufuata mdundo wa umeme wa gridi, ambao hapa ni mizunguko 50 kwa sekunde. Fundi mkuu akabonyeza chaguo hilo, na mawimbi yaliyokuwa yakikimbia yakasimama palepale. Jibu likawa limepatikana: kelele inatembea hatua kwa hatua na umeme wa ukutani, kwa hiyo inatoka huko.

Ikafuata kuchomoa. Taa ya meza, adapta ya kompyuta, feni. Kila kimoja kinachomolewa, mstari unatazamwa, kinarudishwa. Tulipofika kwenye adapta ya kipimo cha vakyumu, mstari ukawa mwembamba mara moja. Adapta ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa pili, yenye ethi yake. Kreti ya amplifaya iko kwenye ethi ya ukuta huu. Ngao ya kebo iliyoviunganisha viwili hivyo ikawa imefunga duara kubwa kati ya ethi mbili, na mkondo mdogo ukawa unazunguka ndani yake, ukipita kwenye ngao ileile inayopaswa kutulinda na kelele.

Dawa ni kuleta kila kitu kwenye ethi moja: ekstensheni moja nene, kreti, adapta na priampu zote zikianzia hapo. Iko njia ya mkato ambayo mtu mwenye haraka angeishika, kukata pini ya ethi kwenye plagi ili duara livunjike. Hapa ni marufuku kabisa, na mimi nasema iwe marufuku popote. Chumba chenye volti elfu tatu hakichezewi ethi kwa ajili ya kupunguza kiloelektronivolti 0.9.

Saa kumi na mbili jioni mstari ukarudi 2.0. Kwenye daftari la chumba nimeandika mahali kila plagi ilipo, na nimechora mchoro, ili atakayekuja asianze upya.

Jumapili, 9 Februari

Nimeshinda nyumbani nikisoma kuhusu Walther Bothe na Hans Geiger, kwa kuwa mwaka huu jaribio lao linatimiza miaka mia. Linanigusa hasa, kwa sababu vigunduzi vyetu viwili vinavyotazamana ni wajukuu wa vile vyao.

Mwaka 1924 Bohr, Kramers na Slater walipendekeza kwamba huenda ndani ya atomi nishati haihifadhiwi katika kila tukio moja moja, bali kwa wastani tu wa matukio mengi. Bohr hakuwa mtu wa kupuuzwa. Bothe na Geiger, wakiwa Berlin, wakaona kwamba jambo hilo haliamuliwi kwa hoja, linaamuliwa kwa saa. Mwale wa eksirei ukigonga elektroni, mwale unarukia upande mmoja na elektroni upande mwingine. Nishati ikihifadhiwa katika kila tukio, basi mwale na elektroni yake lazima vitokee pamoja. Ikiwa ni wastani tu, hakuna sababu ya kuvikuta pamoja mara nyingi kuliko ambavyo bahati ingeleta. Wakaweka vihesabio viwili, kimoja kwa elektroni na kimoja kwa mwale, na mienendo ya vyote viwili ikapigwa picha kwenye filamu inayotembea. Kisha wakaikagua filamu, wakitafuta mipigo iliyoangukia ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Waliikuta mara nyingi kuliko bahati inavyoweza kueleza. Mwaka 1925 matokeo yakachapishwa, na pendekezo la Bohr na wenzake likaachwa.

Mwaka 1930 Bruno Rossi, kijana wa miaka ishirini na kitu huko Florence, akaifanya kazi hiyo kwa vali za redio: mzunguko unaotoa mpigo pale tu vihesabio vyote, viwili au zaidi, vinapopiga kwa pamoja. Jicho na filamu havikuhitajika tena. Mzunguko wenyewe ndio uliosema ndiyo au hapana. Bothe alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1954, akigawana na Max Born, kwa mbinu hiyo ya utukiaji wa pamoja.

Kinachonishika ni hili: Bothe na Geiger hawangeshinda hoja kwa kuonyesha mipigo iliyoungana peke yake. Ilibidi waonyeshe pia ni mingapi ingeungana kwa bahati. Hata leo ni vivyo hivyo. Kigunduzi kimoja kikipiga mara 5,000 kwa sekunde na cha pili mara 5,000, na mlango wa muda ukiwa nanosekunde 100 kwa jumla, bahati peke yake itatupa mipigo pacha 2.5 kila sekunde. Ni lazima tuitoe hiyo kabla hatujafungua mdomo.

Jumanne, 11 Februari

Leo tumekaa na muda mfu, na nataka niandike kwa kirefu kwa kuwa ndio moyo wa kazi yote.

Kila chombo cha kuhesabu, kikishapokea mpigo, kinahitaji muda wa kuushughulikia: kupima kimo, kugeuza kuwa namba, kuiandika. Katika muda huo hakisikii kingine. Konda wa daladala anayerudisha chenji mlangoni yuko kazini kwelikweli, lakini abiria wanaopanda kwa mlango wa nyuma hawamo kwenye hesabu yake. Na kadiri kituo kinavyojaa watu ndivyo anavyokosa wengi.

Tuseme chombo kinafumba macho kwa mikrosekunde 10 kila mpigo. Mipigo ya kweli ikiwa 10,000 kwa sekunde, kitaandika kama 9,091. Ikiwa 20,000, kitaandika 16,667. Hasara inakua, ila inarekebishika: ukiujua muda wa kufumba, unairudisha hesabu ya kweli.

Kuna aina ya pili, nayo inatisha. Kuna vyombo ambavyo mpigo unaokuja wakati vimefumba macho hauhesabiwi na bado unarefusha kufumba kwenyewe. Chombo cha mikrosekunde zilezile 10, kikiletewa mipigo laki tano kwa sekunde, kitaandika kama 3,370 tu. Chanzo hafifu cha mipigo 3,490 kwa sekunde nacho kitaandika 3,370. Namba moja, na nyuma yake kuna hali mbili zilizopishana zaidi ya mara mia. Mtu asiyejua chombo chake ataingia kwenye chumba cha hatari akiwa na amani moyoni.

Nimekumbuka Chernobyl. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 vipimo vingi vilivyokuwa mikononi mwa wafanyakazi vilikuwa na mwisho wa rontgeni 3.6 kwa saa. Mshale ulifika mwisho ukakaa hapo, na namba hiyo ikapelekwa juu kama kipimo, wakati mionzi ya kweli karibu na kinu cha nyuklia kilicholipuka ilikuwa maelfu ya mara zaidi. Ile haikuwa habari ya muda mfu, ilikuwa mwisho wa mita; lakini somo ni moja. Chombo kilichofika kikomo bado kinatoa namba, na namba hiyo inaonekana nzuri kama nyingine yoyote. Asiyeuliza chombo kimeshindwa kuona nini, hajui amesoma nini.

Kwa hiyo kwenye kreti yetu kila alama inayotaka kuingia inahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza inapobisha mlango, kwenye kihesabio chepesi kisichofumba macho kwa urahisi, mara ya pili inapopokelewa na kuandikwa. Tofauti ya hesabu mbili ndiyo tulichokikosa.

Alhamisi, 13 Februari

Mdogo wangu amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Yuko kwenye kitengo cha tiba ya nyuklia hospitalini, anaendesha kamera ya gama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umetoka zamu?"

"Sasa hivi. Leo ilikuwa mifupa mtindo mmoja, mpaka saa kumi."

Nikamweleza habari za muda mfu na za ethi mbili. Akacheka kwa kuelewa. Kamera yake ni ya ukoo mmoja na vyombo vyetu. Hal Anger aliibuni huko Berkeley katika miaka ya 1950: fuwele pana ya iodidi ya sodiamu, na nyuma yake mirija ya kukuza mwanga iliyopangwa bega kwa bega. Mgonjwa amechomwa teknisiamu-99m, ambayo nusu ya maisha yake ni saa 6. Mwale wa kiloelektronivolti 140 ukitoka kwenye mfupa na kuingia kwenye fuwele, fuwele inametameta, na mirija yote inauona mwanga huo, iliyo karibu zaidi, iliyo mbali kidogo. Ukijumlisha mipigo ya mirija yote unapata nishati. Ukilinganisha mipigo ya huku na ya kule unapata mahali. Mwale ulioyumba mwilini kabla ya kutoka una nishati pungufu, na elektroniki inautupa, kwa sababu umesahau ulikotoka. Picha ya mfupa ambayo daktari anaitazama ni mamia ya maelfu ya maamuzi ya namna hiyo, moja moja.

"Sisi kila asubuhi," akaniambia, "kabla ya mgonjwa wa kwanza, kamera inatazamishwa chanzo kinachotoa mionzi sawasawa kila mahali. Picha ikitoka na doa, hatuanzi. Kwa sababu, dada, doa likiwa la kamera halafu likaandikwa la mfupa, nani atakwenda kumwambia mgonjwa?"

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema. Yamenikumbusha Arusha, nilipoona kwa mara ya kwanza kigunduzi cha gerimani kwenye maabara ya Tume ya Nguvu za Atomiki; kilikuwa kinapima mionzi katika vyakula. Sampuli inawekwa ndani ya ngome ya risasi, inahesabiwa kwa saa nyingi. Nilimwona mtaalamu akipima kwanza ngome ikiwa tupu, kwa muda uleule ambao angepima sampuli, na siku ile sikuona kwa nini apoteze saa zote hizo kwa kupima hewa. Leo naona kwamba bila saa zile, namba ya kwenye cheti isingekuwa na kitu cha kuegemea.

Jumamosi, 15 Februari

Tumefunga dijitaiza mpya sambamba na amplifaya za zamani, zote zikisikiliza kigunduzi kimoja.

Katika mfumo mpya hakuna kilima wala skrubu. Alama ya priampu inasomwa moja kwa moja kila nanosekunde 10, kila usomaji ukichukua mojawapo ya ngazi 16,384. Ndani ya chipu, programu inachukua wastani wa dirisha moja la usomaji, inatoa wastani wa dirisha lililotangulia, na tofauti inakuwa trapeza yenye bapa juu. Kimo cha bapa hilo ndicho nishati. Marekebisho niliyoyafanya kwa bisibisi asubuhi nzima, hapa ni namba moja inayoandikwa. Mpigo ukija juu ya mkia wa mwingine, programu inauona na inaweza kuuwekea alama badala ya kuuchanganya na mwenzake kimyakimya. Haya ni maendeleo ya kweli, na nayapokea kwa mikono miwili.

Lakini leo kwenye mazungumzo ya chai mwenzangu mmoja alisema kwamba kwa mfumo wa dijiti "sasa tunaandika kila kitu". Hapana. Hebu tupige hesabu. Usomaji milioni 100 kwa sekunde, baiti mbili kila mmoja, ni megabaiti 200 kwa sekunde kutoka kwenye chaneli moja. AGATA, mkusanyiko wa vigunduzi vya gerimani vya nchi za Ulaya ulioko Legnaro nchini Italia, una fuwele zilizogawanywa vipande 36 kila moja. Ukijumlisha na chaneli za kiini cha fuwele, fuwele moja ingemwaga gigabaiti zaidi ya 7 kila sekunde. Hakuna anayezihifadhi zote. Chipu inaamua palepale ni vipande gani vya wimbi vinabaki, na vingine vinafutwa.

Hata mashine ya vigunduzi ya ALICE kule CERN, ambayo ilijengwa upya ili isome migongano ya viini vya madini ya risasi hadi 50,000 kwa sekunde bila kungoja triga, yaani alama ya kuruhusu kusoma, inapokea terabaiti zaidi ya tatu kwa sekunde na kuzibana mara nyingi kabla ya kuhifadhi. Triga imeondoka mlangoni, uamuzi haujaondoka. Umehamia kwenye kizingiti cha kila chaneli, kwenye programu ya kubana, kwenye mstari wa msimbo ambao mtu fulani aliuandika. Jambo la hatari ni pale uamuzi unapojificha. Skrubu ya amplifaya iko mbele ya macho ya kila anayeingia chumbani. Kizingiti kilichozikwa ndani ya faili la mipangilio kinaweza kukaa miaka bila kuulizwa. Nimeomba faili hilo lichapishwe na kubandikwa kwenye daftari kila linapobadilishwa.

Jumatatu, 17 Februari

Kikao cha kupanga kazi ya kwenye kichapuzi. Hoja iliyonifanya nisimame ni ya pulsa. Hiki ni chombo kinachopeleka mipigo ya bandia kwenye priampu kwa idadi inayojulikana. Mipigo hiyo inapita njia yote ambayo alama ya mwale wa gama inapita, kwa hiyo ukipeleka mipigo 36,000 kwa saa na ukaikuta 33,000 kwenye data, unajua bila kubahatisha kwamba chombo kilikuwa macho kwa takriban asilimia 92 ya muda. Pendekezo lilikuwa tuiondoe, kwa kuwa mstari wake unachafua spektra na programu mpya ina hesabu yake ya muda mfu.

Nimewakumbusha jinsi elementi ya meitineri ilivyogunduliwa. Tarehe 29 Agosti 1982, mjini Darmstadt, katika kituo cha GSI, kundi la Peter Armbruster na Gottfried Münzenberg lilikuwa likirusha viini vya chuma-58 kwenye bamba la bismuti-209. Kiini kimoja, kimoja tu, kilipita kwenye kichujio cha SHIP na kutua kwenye kigunduzi cha silikoni. Milisekunde 5 baadaye, mahali palepale, alfa yenye nishati ya megaelektronivolti 11.1. Milisekunde 22 baada ya hapo, alfa nyingine iliyoacha sehemu ndogo tu ya nishati yake kabla ya kutoroka nje ya silikoni. Kisha, baada ya sekunde 12.9, mpasuko. Kwa mnyororo huo mmoja elementi ya 109 ikajulikana, na leo ina jina la Lise Meitner.

Elektroniki ya siku ile ingekuwa bado imefumba macho milisekunde 5 baada ya kiini kutua, kusingekuwa na alfa ya kwanza, na bila alfa hiyo mnyororo usingesimama. Na kama kundi lisingejua ni mipigo mingapi ya bahati inaangukia kila sehemu ya kigunduzi chao, wasingekuwa na haki ya kusema kwamba ile minne ilikuwa ya kiini kimoja. Ushahidi wa atomi moja uliaminika kwa sababu mashine iliyoushika ilijulikana udhaifu wake mpaka mwisho.

Hatutafuti elementi mpya. Tunapima nusu ya maisha ya hali moja ya kiini kimoja, kazi ambayo itachukua mistari michache kwenye jedwali la mtu mwingine. Lakini mtu huyo ataitumia namba yetu bila kutujua, kama mimi ninavyotumia za wengine kila siku.

Nimependekeza pulsa ibaki, kimo chake kipandishwe juu ya miale yote tunayoihitaji ili isimchafulie mtu spektra, na hesabu ya programu ilinganishwe nayo kila baada ya saa moja. Zikipishana, tunasimamisha kazi mpaka tujue kwa nini. Fundi mkuu aliniunga mkono kabla sijamaliza, na kikao kikakubali.

Usiku huu nimechora fomu ya zamu. Safu ya kwanza ni mipigo iliyobisha, ya pili iliyopokelewa, ya tatu ya pulsa iliyopelekwa na iliyopatikana, ya nne mipigo pacha ya bahati. Nishati na muda vinafuata baada ya hapo. Safu hizo nne zitaingia pia kwenye makala, kwenye jedwali lenyewe la matokeo. Atakayesoma atajua tumeona nini, na atajua ni sehemu gani ya muda tulikuwa hatuoni. Bila hili la pili, la kwanza halina uzito.